Garissa: Mji Unaosoma Maji Kila Asubuhi

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Garissa kwa njia ya Malindi huandamana na Mto Tana kuanzia Garsen, ingawa saa nyingi hauoni. Barabara hupita Minjila, Hola na Bura katika nyika iliyonyooka. Kushoto ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Kulia, kwa mbali, ni mstari wa miti mibichi usiokatika. Mstari huo ndio mto. Kila uonapo mwembe na mgomba katika nchi ile, jua kwamba maji yako karibu. Mwisho wa safari unafika Madogo, kisha Mororo, kisha daraja, na ng'ambo ya daraja ndiyo Garissa: minara ya misikiti, paa za mabati, soko la mifugo lenye sifa nchi nzima, na akina mama waliopanga madumu ya maziwa ya ngamia chini ya vivuli.

Ni mji wa jua. Mvua yake ya mwaka haizidi sana milimita 300, kama theluthi ya ile inyeshayo Mombasa, na miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 36. Wenyeji wanayo majina yao ya majira. Gu ni mvua ya Aprili hadi Juni, Hagaa ni ukavu wenye upepo unaofuata, Deyr ni mvua fupi ya Oktoba hadi Disemba, na Jilaal ni kiangazi kikali kinachotangulia Gu. Mpwani hatapotea humo, kwa kuwa ni masika, kusi, vuli na kaskazi zetu zikiitwa kwa Kisomali. Upepo ni ule ule mmoja, ila sisi unatuletea majahazi, na wao unawaletea ama malisho ama njaa.

Mgeni akiambiwa kuwa mji huu mkavu huamka na kuulizana habari za maji kama mabaharia, hucheka. Hucheka kwa kuwa anatazama juu, na huko juu hakuna wingu. Hatari ya Garissa haitoki katika mbingu ya Garissa. Inatoka safu za Nyandarua na mlima Kenya, mamia ya kilomita kutoka hapa, mahali ambapo wengi wa wakazi wa mji hawajapata kukanyaga. Huko juu kuna baridi ya kuganda, na kileleni bado iko barafu, japo inapungua mwaka hadi mwaka. Si barafu hiyo inayojaza mto, maana sehemu yake ni ndogo mno. Inayoujaza ni mvua inayopiga miteremko ile usiku kucha na kuteremka kwa mito Sagana, Mathioya, Maragua, Thika na Thiba, hadi yote inapokuwa Tana. Basi yawezekana mtu wa Garissa akaanika nguo uani katika jua safi, ardhi ikiwa imepasuka kwa ukame, na maji yatakayoingia nyumbani kwake yakiwa tayari njiani.

Katikati ya njia hiyo yako mabwawa matano ya umeme yaliyojengwa kwa zamu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo lililo juu ya yote na kubwa kuliko yote, maana linaweza kubeba maji yapatayo mita za ujazo bilioni moja na nusu. Likijaa, uso wake husimama mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Tarakimu hiyo inaonekana kuwa ya wahandisi tu, lakini ni tarakimu ya jikoni pia. Ikipita hapo, maji ya ziada humwagika yenyewe. Hayafungwi kwa mlango wala kuzuiwa kwa amri. Huteremka bwawa baada ya bwawa hadi Kiambere, kisha huingia mto ulio huru, ambao kutoka hapo hauna tena kizuizi hadi baharini. Chini ya Kiambere mito mingine hujiunga nao kutoka upande wa Meru na Tharaka, kama Mutonga na Kathita, na hiyo haijawahi kupita bwawa lolote. Ndiyo maana si haki kuyabebesha mabwawa kila gharika. Kwa miaka mingi yamepunguza mafuriko madogo. Makubwa ndiyo yanayoyashinda.

Toka Kiambere hadi Garissa maji hutembea siku kadhaa. Muda huo ndio rehema yote ya jambo hili. Mtu akiambiwa leo kwamba Masinga limeanza kumwagika, anazo siku chache za kuhamisha mbuzi, kupandisha magodoro, kufunga vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki na kumpeleka bibi mgonjwa kwa jamaa walioko mahali palipoinuka. Asipoambiwa, muda ule hauna faida kwake.

Sisi wa pwani tumelelewa na maji yenye ahadi. Mwezi ukiandama twajua bamvua iko karibu, na ukiwa mpevu vivyo hivyo. Katikati yake ni maji mafu. Mwanamke wa Lamu au Vanga anayekwenda kuchokoa pweza hana haja ya redio, kwa kuwa kalenda yake iko mbinguni na aliirithi kwa mama yake. Tana haina ahadi ya namna hiyo. Iko miezi yake ya kawaida ya kujaa, Mei na Novemba, lakini siku na kimo haviko katika mwezi wala katika nyota. Havijulikani ila kwa mtu kusimama penye kipimo, kusoma, na kumpasha mwenzake.

Jamaa zetu walioko Ulaya wanaijua desturi inayofanana na hii katika milima ya Uswisi na Austria. Huko watu hupanda vilele wakati wa baridi ili wateleze juu ya theluji kwa mchezo, na hatari yao ni poromoko: theluji nyingi kukatika ghafla mlimani na kufukia kila kilicho chini. Kila siku ya majira ya baridi hutolewa taarifa ya theluji iliyoanguka, upepo, joto, na kiwango cha hatari kwa madaraja matano, kuanzia moja ambalo ni hatari ndogo hadi tano ambalo ni hatari kubwa kabisa. Madaraja hayo matano nchi za Ulaya zilikubaliana juu yake mwaka 1993. Wataalamu wao wamegundua jambo linalofaa kutafakariwa hata na mtu asiyewahi kuona theluji ila katika friji. Vifo vingi havitokei daraja la tano. Daraja la tano kila mtu hubaki nyumbani. Vingi hutokea daraja la tatu, pale hatari ipo lakini si ya kutisha macho, na mtu hujiambia kwamba wenzake wamepita salama asubuhi, kwa nini asipite naye.

Garissa haina madaraja matano yaliyoandikwa ubaoni. Ina maswali. Msimu wa mvua, asubuhi baada ya swala, mtu humwuliza jirani yake: Madogo kunapitika? Malori yamesimama wapi? Maji yamefika mti upi? Wavuvi na wakulima wa ukingoni, Wamunyoyaya na Wamalakote walioishi na mto huu vizazi na vizazi, hutazama rangi ya maji na takataka zinazoelea. Yakiwa mekundu mno na yakibeba magogo mazima, juu kumenyesha kwelikweli. Wenye simu husoma taarifa za kampuni ya umeme kuhusu vimo vya mabwawa, za Idara ya Hali ya Hewa, na za Msalaba Mwekundu. Elimu hizi mbili, ya mti na ya tarakimu, zinasaidiana, na sioni haja ya kuidharau mojawapo.

Mazingira yenyewe yana hila inayompata mgeni. Upande wa Garissa mji umepanda kidogo; upande wa magharibi, wa Mororo na Madogo, ardhi ni bapa kama sinia. Mto ukifurika haulibebi daraja. Unalizunguka. Daraja lasimama zima huku maji yakiikata barabara mbele yake, na mji wenye daraja imara unakuwa kisiwa kwa upande wa Nairobi na kwa upande wetu wa pwani pia, kwa maana njia zote mbili hukutana hapo Madogo. Bidhaa zote, dawa, unga, mafuta ya gari, hupita kipande hicho. Kikikatika kwa siku tatu, bei ya sukari inabadilika hadi Wajir.

Mwaka 2023 jambo hili lilikuja kwa uchungu wa pekee. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa kwa wingi kaskazini mashariki yote. Mizoga ilikauka kando ya barabara. Ilipofika Deyr ya 2023, watu walikuwa wameomba mvua kwa muda mrefu kuliko walivyokumbuka kuomba. Mvua ikaja pamoja na El Niño. Kufikia Novemba barabara ya Madogo ilikuwa imezama, na familia za mitaa ya chini, Bakuyu, Ziwani na Bulla Punda, zimehamia mahali palipoinuka. Mtu aliyekuwa amebakiza mbuzi kumi baada ya ukame akawapoteza katika maji.

Watu hawajamaliza kupiga upya kuta za udongo, ikaja Gu ya 2024. Siku ya tarehe 9 Aprili, mkesha wa Idi, basi lililokuwa likielekea Nairobi liliingia katika maji yaliyovuka barabara karibu na Tula na kusukumwa nje ya njia. Abiria 51 waliokolewa wote, alhamdulillahi, wengine wakiwa wamepanda juu ya paa la basi. Picha zake zilisambaa kila nyumba. Mtu angedhani baada ya hapo hakuna atakayejaribu maji yale tena. Lakini barabara haikufunguka kwa sababu watu wameogopa, na maisha ya ng'ambo mbili hayakusimama. Boti zikaanza kuvusha watu kati ya Madogo na mjini, mahali paitwapo Kona Punda, pale pale ambapo siku za kawaida hupita tuktuku na bodaboda.

Jumapili ya tarehe 28 Aprili 2024 boti moja iliyojaa watu ilipinduka hapo. Waokoaji wa Msalaba Mwekundu walitangaza kuwaopoa watu 23. Wengine walizama, na jamaa zao wakakaa ukingoni siku zilizofuata wakingoja miili. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wakati huo nchi nzima ilikuwa katika maafa: kufikia mwanzo wa Mei waliokufa kwa mafuriko walizidi 200, na shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilikaa hadi 13 Mei.

Ni rahisi kwa mtu aliyekaa barazani Mombasa kuuliza kwa nini walipanda boti iliyojaa. Lakini mfikirie mama aliyelala Madogo na hospitali iko ng'ambo. Au muuza mboga ambaye asipovuka leo mboga zinaoza. Au mtu aliyetoka kuzika Hola na watoto wake wako Garissa. Hilo ndilo daraja la tatu la wale watu wa theluji. Maji yalikuwa yamekaa kwa wiki, boti zilikuwa zimevusha mamia, macho yalikuwa yameshazoea. Mimi nawalaumu zaidi wenye amri ya chombo kuliko mwenye shida ya kuvuka. Boti ya abiria haina budi kuwa na idadi yake na jaketi za kuokolea, mtoni kama baharini, na sisi wa Lamu na Mtongwe hatuwezi kujifanya wageni wa jambo hilo.

Liko pia suala la nani hupata habari mapema. Taarifa za vimo vya mabwawa hutolewa, tena nyakati hizo hutolewa mara kwa mara, lakini nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya mita na sekunde, na hufika kwanza katika simu za ofisini. Mama wa Bakuyu, ambaye ndiye atakayebeba watoto na chombo cha unga maji yakiingia, husikia mwisho, pengine kwa kelele ya jirani usiku wa manane. Redio za Kisomali zimesaidia sana kuziba pengo hilo. Vipaza sauti vya misikiti vingeweza kusaidia zaidi, kwa maneno matatu tu baada ya alasiri: maji yanakuja, lini, na mitaa ipi ihame. Tangazo la jeneza hutufikia sote kwa njia hiyo, mwanamume na mwanamke, msomi na asiyesoma.

Katika makambi, shida za wanawake hazikuwa za chakula pekee. Vyoo vilikuwa vimezama, vile vya kambini ni vichache na viko mbali, usiku hakuna taa. Mwanamke mwenye haya zake hujizuia kunywa maji mchana ili asilazimike kutoka gizani, na joto ni lile la Garissa. Wanaochanga misaada mara nyingi hukumbuka unga na blanketi. Taa ndogo ya jua, khanga mbili na ndoo yenye kifuniko vilistahili kutangulia.

Maji yakipungua ndipo maradhi huanza. Mwezi Mei 2024 kipindupindu kilizuka katika kaunti ya Tana River, na dawa yake ya kwanza inajulikana: kuchemsha maji ya kunywa hata yakionekana safi. Wazee wa Garissa wanayo kumbukumbu nzito zaidi. Mvua za El Niño za 1997 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na watu wengi katika eneo hilo hadi kusini mwa Somalia. Ilirudi tena mwishoni mwa 2006. Mbu wanaozaliwa katika madimbwi huuambukiza mnyama, na binadamu huambukizwa na mbu au na damu ya mnyama mgonjwa. Dalili ya mapema ni kondoo na mbuzi wengi kuharibu mimba kwa pamoja. Kwa familia ya wafugaji hilo lina maana moja ya jikoni: mnyama mgonjwa hachinjwi kwa haraka eti nyama isipotee, maziwa huchemshwa, na asiye na glavu hashiki kile kilichoharibika tumboni. Mtoto naye akatazwe kuchezea maji yaliyotuama mtaani, si kwa mbu tu. Mto ukitanda, mamba hutanda nao.

Nje ya mji, hatari ni ya namna nyingine, na haina hata zile siku chache za rehema. Nyika yote ya kaskazini mashariki imekatwa na laga, mikondo mikavu ya mchanga ambayo mtu huipita miezi kumi bila kujua kuwa ni mto. Lagdera, iliyolipa jimbo jina lake, ni mmoja wa hiyo. Mvua ikinyesha mbali, laga hujaa kwa saa moja, kisha hukauka tena kesho yake. Wafugaji hawapigi kambi ndani yake hata mchanga ukiwa laini na kivuli kizuri. Mwenye gari dogo anayeona maji ya magoti yakivuka barabara na kusema atapita polepole, ajue kwamba basi la Tula nalo lilikuwa zito.

Wala mto huu si adui wa watu wake. Maji ya kiasi yakitanda na kurudi huacha tope jeusi lenye rutuba, na Wapokomo wa chini wamelima mpunga na migomba kwa tope hilo tangu zamani. Mwembe wa ukingoni hauhitaji mbolea nyingine. Malisho ya delta, yanayopokea ng'ombe wa Waorma na wa Wasomali wakati wa Jilaal, huota kwa sababu mto ulivuka kingo zake miezi michache nyuma. Mwaka ambao mto haukufurika kabisa, mgogoro wa mkulima na mfugaji juu ya ukanda mwembamba wa majani huwa mkali zaidi, na damu imepata kumwagika kwa hilo.

Maji yale yakishaiacha Garissa, hayajaisha. Hupinda na kuzunguka Bura na Hola, hupoteza kasi katika mabonde, na huchukua siku nyingi kufika Garsen. Hapo ndipo yanapoingia katika habari zetu wenyewe: Novemba 2023 na tena 2024 yalifunika barabara ya Lamu karibu na Gamba na Lango la Simba, na wasafiri wa Lamu wakakwama wakati mvua imeshakatika. Aliyefuatilia habari za Garissa aliweza kujua mapema kwamba safari ya harusi wiki ijayo itakuwa ya matatizo. Kisha, hatimaye, mto hutoka Kipini, na bahari ya Ghuba ya Ungwana hugeuka rangi ya chai ya maziwa kwa umbali mkubwa. Wavuvi wa huko hawailalamikii rangi hiyo. Huanza kuandaa nyavu, kwa kuwa wanajua kamba wa ghuba ile hunenepa kwa tope la Tana.